Abiria wa Keza

Aliyewaambia watu wa kijiji cha Keza kwamba basi lingesimama kwao hakuwa mwongo. Balaa ni kwamba aliwauliza maswali kwanza, na wao wakamjibu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Mwaka mmoja kabla, wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo mchana na usiku, na pale palipokuwa na nyasi na swala pakachipuka mji wa mahema ya plastiki. Bonifasia wa Keza alishafika Mwanza, na alikuwa tayari kuapa kwamba Mwanza haikuwa na watu wengi kiasi kile. Basi, mji ni mji. Shirika moja lililokuja na magari meupe likaamua kwamba mji bila usafiri wa maana ni aibu. Likaleta mabasi yake, ya bure, yatoke kambini yapite Lusahunga mpaka Biharamulo mjini. Wakasema kutajengwa vituo vya kisasa, na basi halitasimama popote isipokuwa kituoni. Eti ndiyo ustaarabu.

Haya, ustaarabu. Wapi vijengwe vituo? Ndipo akatumwa Shibuda.

Shibuda alikuwa kijana wa Kisukuma, mpole, shati limenyooshwa vizuri, mtaalamu wa mambo ya vituo na abiria. Alifika Keza Jumapili watu wakitoka misa, akaweka kiti chake nje ya kigango, akawaambia basi litasimama na kwao, akaita familia moja baada ya nyingine. Bonifasia akaenda na binti yake Adelfina. Bonifasia alikuwa mjane, mkulima wa maharage na migomba, na mdomo wake ulijulikana kuanzia Keza hadi barabarani. Hakujua kumung'unya maneno.

"Mama, shikamoo. Nyumbani kwako mko wangapi?"

"Marahaba. Tupo."

"Wangapi, mama?"

"Tupo, baba. Mungu katujalia."

Kijana akakuna kichwa. Angemuuliza nani? Kule watoto hawahesabiwi. Mama akitaja idadi ya wanawe mbele ya mgeni, anakuwa kama anakionyesha kifo mlango. Mtu mwenye wanane atakuambia anao kiasi, na mwenye mmoja atakuambia anao kiasi.

"Sawa. Je, kwa mwezi unasafiri mara ngapi kwenda Biharamulo?"

"Mimi? Nikafanye nini huko?"

"Hata mara moja?"

"Sisafiri. Mimi na jembe langu."

Adelfina alimvuta mama yake upindo wa kanga. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa hukohuko Biharamulo. Daktari alimwonya kwa maneno ambayo hata kiziwi angeyasikia: mimba ijayo usithubutu kungoja uchungu nyumbani, uje mapema, la sivyo kile kidonda kitaachia na tutawapoteza wote. "Mama, mwambie," alinong'ona.

"Nyamaza wewe. Unataka tumbo lako litangazwe kanisani kama ndoa?"

Kwa sababu na safari nayo haitangazwi. Unaondoka alfajiri, watu wanasikia tu umekwenda, na ukirudi wanakupa pole ya njia. Ukiipigia safari tarumbeta umewaita wenye kijicho waikalie. Kwa hiyo kila aliyeitwa kwenye kile kiti alijibu vilevile. Hata Gervasi, kiongozi wa chama cha machela, mzee ambaye mabega yake yalikuwa na sugu kwa kubeba wagonjwa wa Keza hadi barabarani kwenye ingobyi, machela yetu ile ya kusukwa, naye alikaa akakunja miguu akasema, "Sisi hapa ni wakulima, bwana. Hatuzururi."

Waliokuwa wakimsikiliza wakaitikia kwa vichwa. Walijiona wamejibu kwa adabu kabisa. Shibuda akaandika, akashukuru, akala ndizi alizokaribishwa, akaondoka zake.

Mabasi yakaanza. Pale njia ya Keza inapotokea kwenye lami hapakuchimbwa hata shimo la nguzo. Mabasi yakawa yanapita vuu, asubuhi yakienda Biharamulo, jioni yakirudi, na watu wa Keza wamesimama kando kama waliokuja kuyapigia makofi. Si hilo tu. Zile pikapu za Lusahunga zilizokuwa zikiwachukua kwa nauli, wenyewe waliona hakuna biashara mbele ya basi la bure, wakazihamishia barabara nyingine. Malori ya chakula cha kambi yalikatazwa kuchukua mtu. Kabla ya huo ustaarabu watu walikuwa wakisafiri kwa taabu. Sasa hawakusafiri kabisa.

Tumbo la Adelfina likafika mwezi wa nane. Mumewe alikuwa Geita akichimba dhahabu, habari zake zikija kama mvua ya kiangazi. Bonifasia akajifunga kanga mbili, akaondoka kwa miguu kwenda kambini kumtafuta huyo Shibuda.

Alifika jua limesimama utosini, akakiona kituo. Loo! Paa la bati jipya, refu, linang'aa hadi macho yanauma. Chini sakafu ya saruji iliyoinuliwa ili abiria asihangaike kupanda ngazi za basi. Mbele yake mabomba ya chuma yamesimikwa mistari mistari, ili maelfu ya watu wapange foleni bila kusukumana. Bonifasia aliyatazama mabomba yale akaona ni josho la ng'ombe, tena limepakwa rangi ya buluu. Kwenye josho lenyewe hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwenye mabomba yalianikwa mablanketi. Kwenye benchi la abiria alikaa mwanamke mmoja peke yake, anachambua mahindi kivulini.

Alikuwa Iradukunda, mkimbizi aliyekuwa akija Keza kubadilishana unga kwa maharage. Walikuwa wamezoeana kiasi cha kutaniana.

"We Iradukunda, umekuwa bosi wa stesheni?"

"Karibu, mama. Kaa, basi halina haraka." Iradukunda akamsogezea nafasi. "Hapa ndipo penye kivuli kizuri kuliko kambi nzima. Waliokijenga tunawashukuru sana."

"Abiria wako wapi?"

"Abiria gani?"

"Si walisema ninyi mtapanda kwa maelfu?"

Iradukunda akaacha mahindi. "Mama Bonifasia, kambini mtu akikuuliza mko wangapi, unajibu tuko wengi. Akikuuliza mnataka, unajibu tunataka. Ukijibu hapana umekosa blanketi, umekosa sufuria. Yule kijana alipouliza nani atapanda basi, tulisema sote, kila siku, asubuhi na jioni. Mimi nilimwandikisha na bibi yangu aliyekufa."

"Na mbona hampandi?"

"Kwa kibali cha nani? Mkimbizi haruhusiwi kwenda Biharamulo. Tukifika pale kwenye kizuizi askari wanatushusha." Akacheka, lakini si kicheko cha kuchekesha. "Kila asubuhi basi linaondoka na dereva."

Bonifasia alihisi damu inampanda kichwani. Jamani! Wasioruhusiwa kupanda wamejengewa jumba, na wanaougulia njiani wanapitwa na vumbi! Nani alikaa akaliwaza jambo hili, akaona sawa, akala chakula chake cha mchana?

Ofisi ilikuwa chumba cha mbao nyuma ya kituo. Shibuda aliinuka alipomwona mtu mzima anaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kituo changu kiko wapi?"

"Kituo kipi, mama?"

"Cha Keza! Nilikaribisha wageni, nikamenya ndizi, nikajibu maswali. Kiko wapi?"

Shibuda akamkalisha. Kwa upole wake uleule akamweleza kwamba kituo hakijengwi kwa huruma bali kwa makisio ya abiria, na makisio ya Keza yalitoka sifuri. "Na ninyi wenyewe ndio mlioniambia. Nilimuuliza kila mtu. Hamsafiri."

"Wewe ni Msukuma wa wapi?"

"Wa Sengerema, mama."

"Na mama yako, mgeni akimjia na kalamu akamuuliza ana watoto wangapi, anamhesabia kama mbuzi wa mnadani?"

Shibuda akainamisha macho. Akachezea kalamu. "Hapana," alisema. "Hawezi. Lakini mimi huandika ninachoambiwa."

"Basi uliandika adabu yetu ukaiita hatuna shida! Ulimwona Gervasi mabega yake? Uliuliza yale masugu ni ya nini? Ulimwona binti yangu amesimama mbele yako na tumbo? Macho ulikuwa nayo, mwanangu. Au nayo yalingoja kuambiwa?"

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu asiye wa ukoo. Alilitaja tumbo la Adelfina. Alitaja kisu cha kwanza na onyo la daktari. Aliwataja watoto wake, aliowazaa na aliowazika, mmoja mmoja kwa majina, akiliogopa kila jina. Alijilazimisha, maana kama kuhesabu ndiko kunakoleta basi, basi ahesabu.

Shibuda aliandika yote. Alikuwa na huzuni ya kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake, kwamba hata kumchukia vizuri usingeweza. "Nitaomba kituo," alisema. "Maombi yataenda Dar es Salaam, kisha kwa wafadhili. Kikikubaliwa kitaingia awamu ya pili."

"Tumbo halina awamu ya pili!"

"Mama..."

"Mwambie dereva asimame pale njia panda. Dakika moja tu. Sihitaji bati, sihitaji saruji. Asimame!"

"Dereva akisimama pasipo kituo anafukuzwa kazi. Ndiyo kanuni. Akisimama kwako leo, kesho atasimama kwenye kila kichuguu. Ila mlete binti hapa, apandie hapa. Nafasi zipo tele."

"Nafasi tele nimeziona." Bonifasia akasimama. "Yaani nimbebe mgonjwa wangu nirudi naye nyuma asubuhi nzima, nipande basi, lije linipitishe mlangoni kwangu?"

Iradukunda, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, alikuwa na hema, akasema mleteni Jumatatu alale kwangu, Jumanne apande. Bonifasia hakuwa na njia nyingine. Akakubali huku anasonya.

Jumatatu haikufika. Jumamosi asubuhi, Adelfina akiwa anamenya ndizi, uchungu ukamshika ghafla, akaangusha kisu. Haukuwa uchungu wa kuja na kuondoka. Ulikuja ukakaa.

Gervasi alipiga yowe la chama, wanaume wakatoka mashambani na udongo miguuni. Wakamlaza Adelfina kwenye ingobyi, wakamfunika shuka jeupe la Bonifasia kwa sababu ya jua na macho ya watu, wakatelemka mbio, wakipokezana mabega bila kusimama. Wanawake wakafuata nyuma. Bonifasia alikimbia ubavuni ameshika mkono wa mwanawe. "Vumilia, mama yangu. Tutawahi basi la asubuhi. Leo watasimama, wasiposimama nitalala barabarani."

Walitokea kwenye lami, na Mungu ni shahidi, basi lilikuwa linakuja. Lilikuwa bado mbali, jeupe, linatelemka kilima. Bonifasia akapunga kanga kwa mikono miwili. Na basi likapunguza mwendo! Wote waliliona. Likapunguza, likapunguza, likawa linatambaa, na Gervasi akasema, "Asante Yesu," akaanza kuwapanga watu wa kumwinua.

Dereva alikuwa Nyanda, mtu wa makamo, mwenye staha, ambaye watu wa Keza walimjua tangu alipokuwa akiendesha pikapu za Lusahunga. Alichokiona yeye ni umati wa wanawake wanalia, wanaume wamebeba ingobyi, na shuka jeupe limefunika hadi juu. Na ingobyi ndiyo inayobeba wagonjwa, na ndiyo inayobeba maiti. Nyanda alifika usawa wao, akavua kofia, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa kwa heshima zote. Kisha akakanyaga mafuta akaenda zake.

"Si maiti!" Bonifasia alipiga kelele. "Yuko hai! Nyanda! Yuko hai!"

Alilikimbilia mpaka pumzi zikamwisha. Kupitia kioo cha nyuma aliona viti, safu kwa safu, havina mtu.

Wakaendelea kwa miguu kuelekea Lusahunga. Wangefanya nini? Jua likapanda, lami ikaanza kuchoma nyayo. Malori ya kambi yalipita yakipiga honi wasogee kando. Adelfina aliacha kulia, na alipoacha kulia ndipo Bonifasia alipoanza kuogopa kikweli. Jua lilikuwa limekwisha pinda ndipo dereva mmoja wa lori la mbao, aliyekuwa anakwenda Kahama, aliposimama mwenyewe bila kuulizwa. Alishuka, akatazama, akasema neno moja tu, "Pandisheni," akaiacha njia yake akawapeleka hadi mlango wa hospitali.

Waganga walihangaika. Asiseme mtu kwamba hawakuhangaika. Kidonda cha zamani kilikuwa kimeachia kama daktari alivyoonya. Adelfina walimwokoa, kizazi wakakiondoa. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, ana nywele nyingi, na alikuwa amekufa muda si mrefu. Muuguzi alisema hivyo kwa sababu Bonifasia alimuuliza. Alirudia kuuliza, muda gani? Muuguzi akamwambia, mama, mngefika asubuhi.

Ilibidi mtoto azikwe kwao, kwenye migomba ya babu yake. Hadi Jumanne, mtoto akiwa amehifadhiwa chumba cha maiti, Adelfina alikuwa bado hajiwezi, na alisema jambo moja tu: mpeleke nyumbani, asilale ugenini. Basi ndilo lililokuwa linakwenda upande ule, na basi halichukui maiti. Muuguzi akamvisha mtoto kofia ya sufu, akamsaidia bibi yake kumfunga mgongoni kwa kanga. "Mbebe kama aliyelala," alisema. "Ukiulizwa, kaa kimya."

Bonifasia akapanda kituoni Biharamulo. Ndani kulikuwa na watu wachache wa ofisini, na kiti cha mbele amekaa Shibuda na karatasi zake. Siku ile alikuwa anahakiki abiria. Nyanda alikuwa kwenye usukani.

Shibuda alipomwona uso ukamchangamka. "Shikamoo, mama! Kumbe mlifika! Nilipoona hamjafika kambini nilipata wasiwasi." Akachungulia mgongoni, akaona kofia. "Na mjukuu huyo! Hongera sana, mama. Hongera. Mama mtu hajambo?"

"Yupo," alisema Bonifasia. Alikaa upande upande, asiuegemeze ule mgongo mdogo kwenye kiti.

"Na analala kweli, halii! Basi leo Keza nina abiria wawili." Akaandika kwa furaha. "Mama, unaona? Huu ndio ushahidi niliokuwa nautaka. Kwa mwendo huu awamu ya pili itapita."

Bonifasia alifunga mdomo wake, yeye ambaye hakuwahi kuufunga maishani. Aliufunga hadi Lusahunga. Aliufunga barabara nzima aliyoipita kwa miguu na machela, ambayo sasa ilikuwa inakwisha upesi upesi, upepo unaingia dirishani, na mtu hachoki hata kidogo. Lo, kumbe ni karibu hivi! Ndicho kilichomvunja, ule ukaribu. Njia ya Keza ilipoonekana alikuwa ameshasimama.

"Nyanda, simamisha gari."

"Mama, hapa hapana kituo. Tutakushusha kambini."

"Simamisha!"

Sijui ni sauti, sijui ni nini, mguu wa Nyanda ukakanyaga breki wenyewe. Shibuda akainua mkono, akasema haya, leo tu, kwa ajili ya mtoto. Bonifasia akaifungua kanga, akamzungusha mjukuu wake mbele, akamfunua uso.

Nyanda aligeuka, akaona. Mkono wake ukaenda kichwani, akavua kofia.

"Irudishe," alisema Bonifasia. "Uliivua Jumamosi, hapahapa, akiwa hai tumboni mwa mama yake. Nikakuita kwa jina. Heshima yako ulikwisha itoa."

Shibuda alikuwa ameinamia karatasi yake, machozi yanamdondoka, kalamu inahangaika kuukata ule mstari wa abiria wawili.

"Usifute." Bonifasia alishuka ngazi ya kwanza, akageuka. "Si ulitaka abiria wa Keza? Huyu hapa, mwandike. Lakini uandike na kwamba basi lenu lilikuwa tupu, na lilimpita."

Akashuka, akamfunga mtoto tena mgongoni, akashika njia ya nyumbani.